Sura ya Sita: Eagle ya Saa Ngapi?

Mtu anayenunua seti ya plastiki ya chombo cha kutua mwezini huona juu ya boksi picha moja, jina moja na tarehe moja: Apollo 11, Julai 1969. Ndani anakuta vipande vya polistirini vikiwa bado vimeshikana na fremu zake, karatasi ya stika za kulowekwa majini na mwongozo wenye michoro ya hatua kwa hatua. Akiufuata mwongozo bila kuruka kitu, baada ya jioni kadhaa atakuwa na kitu chenye miguu minne, ngazi, antena na rangi ya dhahabu tumboni, na kila atakayeingia sebuleni atakitambua. Hoja ya sura hii ni kwamba kitu hicho bado si Eagle, chombo kilichowapeleka Neil Armstrong na Buzz Aldrin mwezini. Ni mchanganyiko wa vyombo kadhaa vilivyofanana, na baadhi yake havikuwahi hata kuruka. Ili kiwe Eagle, fundi hana budi aamue mambo mawili ambayo mwongozo haumuulizi: anajenga chombo kipi hasa kati ya vile vilivyoundwa, na anakijenga jinsi kilivyokuwa saa ngapi. Akishaamua hayo, kazi yote inayobaki mezani, ya kukata, kupiga msasa, kubandika na kupaka rangi, inageuka kuwa kazi ya kupima ushahidi. Ndiyo maana nadai kwamba fundi wa modeli anayeijali kazi yake ni mwanahistoria, hata kama hajawahi kujiita hivyo.

Tuanze na swali la chombo kipi. Vyombo hivi viliundwa na kampuni ya Grumman huko Bethpage, Long Island, katika jimbo la New York, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa kwa mikono. Kumi viliruka, sita vikatua. Havikuwa kama magari yanayotoka kiwandani yakiwa pacha. LM-1 (LM ni kifupi cha Lunar Module, yaani chombo cha kutua mwezini), kilichorushwa bila watu Januari 1968, hakikuwa hata na miguu. LM-3 cha Apollo 9 na LM-4 cha Apollo 10 vilikuwa na miguu, lakini havikuwa na yale mabamba yaliyopinda ambayo kuanzia LM-5, yaani Eagle, yaliwekwa chini ya injini ndogo za kuelekeza chombo ili moto wake usiunguze sehemu ya chini. Kisha kuna fimbo za kuhisi ardhi, zenye urefu wa kama mita 1.7, zilizoning'inia chini ya miguu. Fimbo moja ikigusa tu udongo, taa ya buluu iliwaka mbele ya marubani wakajua kwamba ni wakati wa kuzima injini. Eagle kilikuwa na fimbo tatu. Ile ya mguu wenye ngazi iliondolewa, maana ilihofiwa kwamba ikipinda vibaya ingeweza kumchoma mwanaanga anayeshuka na kutoboa vazi lake. Basi fundi akibandika fimbo nne na kuacha yale mabamba, hajafanya kosa dogo la urembo. Amejenga chombo kingine, kisha akakipachika jina la Eagle.

Makosa ya namna hii yana historia yake, na historia hiyo inaeleweka. Mwaka 1969 watengenezaji wa seti walitaka bidhaa zao ziwe madukani wakati dunia nzima inazungumzia mwezi, hivyo walitegemea michoro na vielelezo vilivyotolewa kabla ya safari yenyewe. Mfano ulio wazi kabisa ni wa Saturn V, roketi iliyorusha safari za kwenda mwezini. Ile iliyotolewa hadharani kwa mara ya kwanza huko Florida, Mei 25, 1966, haikuwa roketi ya kuruka. Iliitwa 500-F, na kazi yake ilikuwa kujaribia mitambo ya uwanja wa kurushia. Mpangilio wake wa rangi nyeusi na nyeupe haukuwa sawa na wa roketi zilizoruka: ukanda uliokuwa baina ya matangi mawili ya hatua ya kwanza ulikuwa mweusi kwenye 500-F, ukawa mweupe kwenye zile zilizobeba watu. Hata hivyo 500-F ndiyo iliyopigwa picha nzuri mapema, na rangi zake zikaingia katika baadhi ya seti maarufu na kubaki humo kwa miongo mingi. Mnunuzi wa leo anayepaka rangi kama mwongozo unavyosema anaweza kuwa anaienzi, bila kujua, roketi ambayo haikuwahi kuondoka ardhini.

Hapa msomaji makini atasema: basi aende makumbusho akakitazame chombo chenyewe. Ushauri ni mzuri, ila Eagle hakiko makumbusho yoyote. Sehemu yake ya chini iko palepale kilipotua, katika Bahari ya Utulivu, na tangu 2009 chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter kimekuwa kikiipiga picha kutoka juu, ikionekana kama nukta yenye kivuli. Sehemu ya juu iliachwa ikizunguka mwezi baada ya wanaanga kurudi kwenye chombo mama. Kile kinachotazamwa na mamilioni ya wageni katika Makumbusho ya Taifa ya Anga huko Washington ni LM-2, kilichoundwa kwa ajili ya jaribio la pili lisilo na watu. Jaribio la kwanza lilifanikiwa vya kutosha, la pili halikuhitajika, na LM-2 kikabaki duniani. Baadaye kilibadilishwa ili kifanane na Eagle, na kabla ya kuwekwa katika ukumbi mkuu mwaka 2016 kilifanyiwa tena matengenezo ya ganda lake la nje. Kwa maneno mengine, makumbusho yenyewe yanatuonyesha modeli ya skeli ya 1/1. Ni modeli bora sana, imejengwa kwa vifaa halisi na kiwanda halisi, lakini anayeinakili ananakili uamuzi wa fundi mwingine kuhusu Eagle. Ushahidi wa kwanza unabaki kuwa picha: zile zilizopigwa uwanjani kabla ya safari, na zaidi zile ambazo Armstrong na Aldrin walipiga kwa kamera ya Hasselblad wakiwa wamesimama kando ya chombo.

Picha hizo ndizo zinazolazimisha swali la pili, la saa. Kwa saa za Afrika Mashariki, Eagle kilitua saa 5:17 usiku wa Julai 20. Armstrong alikanyaga udongo saa 11:56 alfajiri ya Julai 21, na chombo kikaondoka saa 2:54 usiku wa siku hiyohiyo. Ni chini ya saa 22 kwa jumla, lakini ndani yake chombo hakikubaki na sura moja. Kabla ya kugusa ardhi, fimbo tatu zilikuwa zimenyooka. Baada ya kutua zilikuwa zimepinda, na picha zinazionyesha hivyo. Kando ya ngazi kulikuwa na rafu ya vifaa iliyofungwa ubavuni, ambayo Armstrong aliifungua kwa kuvuta kishikio akiwa juu kwenye kibaraza. Kamera ya televisheni ilikuwa kwenye rafu hiyo. Kwa hiyo modeli inayomwonyesha Armstrong akishuka ngazi huku rafu bado imefungwa inajipinga yenyewe: kama rafu ilikuwa imefungwa, dunia isingemwona akishuka. Vivyo hivyo kibao cha chuma kwenye mguu wa ngazi, chenye majina ya wanaanga na ya Rais Nixon, kilikuwa na kifuniko hadi walipokifunua. Saa moja ina kifuniko, saa nyingine haina.

Mguu wenyewe ni somo. Ndani yake kulikuwa na alumini yenye vijumba vidogovidogo kama sega la asali, iliyokusudiwa kupondeka ili kumeza kishindo cha kutua. Armstrong alikitua chombo kwa utulivu kiasi kwamba alumini hiyo haikupondeka kwa kiwango cha kuonekana, na matokeo yake kidato cha mwisho cha ngazi kilibaki juu. Ilimbidi aruke kutoka hapo hadi kwenye sahani ya mguu, kisha ajaribu kuruka tena kurudi juu ili kuhakikisha kwamba wataweza kupanda. Fundi anayeifupisha miguu ili chombo kionekane kizito anaongeza uzito ambao haukuwapo. Tena Armstrong aliripoti kwamba sahani za miguu zilizama inchi moja au mbili tu, na kwamba injini haikuchimba shimo chini ya chombo. Katika skeli ya 1/48 kuzama huko ni kati ya nusu milimita na milimita moja. Wanaopenda kuchimba bakuli la udongo chini ya injini, wakidhani wanaongeza uhalisia, wamechukua picha kutoka kwenye sinema.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaosema kwamba usahihi huu wote ni ndoto, kwa sababu kitu hakipungui ukubwa bila kubadilika tabia. Wana haki, na hesabu iko upande wao. Sehemu nyembamba kabisa za ukuta wa chumba cha wanaanga zilikuwa na unene wa karibu milimita 0.3. Ukigawanya kwa 48 unapata unene ambao hakuna plastiki wala karatasi ya madukani inayoufikia. Ukuta wa plastiki wa milimita moja katika seti ya skeli hiyo unawakilisha ukuta wa sentimita 4.8. Hata foili ya jikoni, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 0.016 hivi, ikikuzwa mara 48 inakuwa bamba la robo tatu ya milimita. Sasa fikiria sehemu ya chini ya Eagle, iliyofunikwa kwa tabaka hadi 25 za filamu nyembamba za kuzuia joto, ambazo mafundi walizikunjakunja kwa mikono makusudi ili tabaka zigusane kidogo iwezekanavyo na joto lisipite kirahisi. Mikunjo ile ni alama ya mikono ya watu fulani siku fulani. Hakuna anayeweza kuirudia mkunjo kwa mkunjo.

Lakini pingamizi hilo linathibitisha kitu kingine kuliko linavyokusudia. Kama kunakili kungewezekana kikamilifu, fundi angekuwa mashine ya kunakilia tu. Ni kwa sababu hakuwezekani ndiyo maana lazima achague nini kibaki kweli. Chukua hiyo rangi ya dhahabu. Tabaka la nje lilikuwa la Kapton, filamu inayopitisha mwanga yenye rangi ya kahawia ya asali, iliyopakwa alumini upande wa ndani. Jicho linaona alumini kupitia Kapton, ndiyo maana katika picha moja mguu unang'aa kama dhahabu na katika nyingine unaelekea rangi ya chungwa iliyofifia. Fundi anayepaka rangi ya dhahabu ya kopo hupata kitu kinachong'aa namna moja kutoka kila upande, kama kikombe cha mashindano. Anayeelewa jinsi mwanga unavyopita hufuata njia ileile ya chombo: anakunja foili taratibu kwa vidole, anailaza tena kwa kuiviringishia penseli ili mikunjo mikubwa ife na midogo ibaki, anaibandika kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, kisha anapitisha juu yake rangi ya njano na ya chungwa inayopitisha mwanga. Wengine hutumia utepe ule wa kahawia unaostahimili joto, ambao mafundi simu hufunikia sehemu za jirani wanapochomelea. Nao ni Kapton hasa, ila unahitaji foili chini yake ili ung'ae inavyotakiwa. Unene wote huo ni wa uongo. Mwenendo wa mwanga ni wa kweli, na huo ndio unaoonekana.

Uchaguzi wa namna hiyo unahitaji pia kuacha mazoea yaliyotoka kwingine. Mafundi wengi wa modeli walianza na ndege za kivita, na ndege hizo zimewafundisha kuchafua: kupitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa kwenye mifereji ya mabamba, kuchubua kingo, kuweka masizi nyuma ya mabomba ya moshi. Ndege iliyopigana miezi sita kwenye uwanja wenye matope inastahili hayo. Eagle kilikuwa kipya kabisa. Kilirushwa Julai 16 kikiwa kimefungiwa ndani ya roketi, na siku nne baadaye kikatua mahali pasipo mvua, kutu wala upepo. Mavumbi yaliyotimuliwa na injini hayakuelea hewani, maana hewa haikuwapo. Yaliruka kwenda nje na kuanguka. Uchafu wa mtindo wa ndege kwenye chombo hiki ni ushahidi wa jambo ambalo halikutokea. Na kuna mtego wa picha pia: Eagle kilitua kikielekea magharibi, jua likiwa chini upande wa mashariki, kwa hiyo upande wa ngazi ulikuwa kivulini. Anayechukua rangi za upande ule kutoka kwenye picha na kuzipaka moja kwa moja anapaka kivuli kwenye modeli, halafu taa ya sebuleni inaongeza kivuli kingine juu yake.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mchezo wa watoto uliovikwa joho. Ajabu ni kwamba waliounda chombo halisi hawakuuona hivyo. Grumman ilijenga kwanza modeli za ukubwa kamili, ya awali kabisa ikiwa ya mbao, na modeli hizo zilibadilisha chombo. Pendekezo la mwanzo lilikuwa na viti na madirisha makubwa. Ilipodhihirika kwamba marubani wanaweza kusimama, wakayasogelea madirisha madogo ya pembetatu na kuona vizuri zaidi, viti vikatupwa na uzito ukapungua. Mlango wa mbele ulikuwa wa duara. Watu waliovaa mavazi ya anga na mikoba mikubwa ya hewa mgongoni walipojaribu kupita kwenye modeli walipata taabu, kwa kuwa mkoba ni wa pembe nne, na mlango ukabadilishwa kuwa wa pembe nne. Michoro ya wahandisi hodari haikuwa imeliona jambo hilo mpaka mtu alipokwama kwenye kitu cha kushikika. Modeli, basi, ilikuwa chombo cha kufikiria tangu mwanzo wa mradi. Fundi wa leo anaitumia kufikiria kinyumenyume, kutoka kwenye kilichotokea kwenda kwenye sababu zake. Anayepachika mlango wa pembe nne na kujua kwa nini si wa duara amejifunza kitu kuhusu mwili wa binadamu ndani ya vazi la anga ambacho sentensi ya kitabu hupita juujuu.

Je, mashine za kuchapa vitu zimemaliza kazi hii? Siku hizi mtu anaweza kupakua faili, akachapa Eagle kizima usiku mmoja. Ila faili ilichorwa na mtu, na mtu huyo aliamua idadi ya fimbo na hali ya rafu. Akikosea, kosa linasafiri haraka kuliko lilivyosafiri kwenye boksi za 1969, na kwa kuwa umbo lake ni safi na kingo zake ni kali, watu huliamini zaidi. Mashine imepunguza kazi ya msasa. Ya kupima ushahidi imebaki kama ilivyokuwa.

Pingamizi la mwisho ninalikubali nusu. Kuna wapenzi wa modeli ambao usahihi umewageuza kuwa mapolisi: wanahesabu ribiti na kumkatisha tamaa anayeanza. Ribiti yenye kichwa cha milimita 4 inakuwa milimita 0.08 katika skeli ya 1/48, na anayeipigania anapigania kitu kisichoonekana kwa macho matupu. Lakini dawa ya ushupavu huo ni kujua uzito wa kila jambo. Mabamba chini ya injini ndogo yanatofautisha safari moja na nyingine, rafu iliyofunguka inatofautisha saa moja na nyingine, na ribiti haitofautishi chochote. Fundi mwenye kigezo hicho anaweza kuacha mia na kusahihisha tano, na modeli yake ikasema kweli kuliko ya jirani yake aliyesahihisha mia asijue kwa nini.

Kigezo hicho kinajibu pia tatizo la bei, ambalo kwa msomaji wa Mombasa au Mwanza si dogo, kwa sababu seti nzuri huagizwa kutoka mbali. Chombo hiki ni kimoja kati ya vichache ambavyo karatasi inavitendea haki. Mwili wake ni mabamba bapa yaliyounganishwa kwa pembe, bila mikunjo laini ya bawa la ndege, na manila yenye unene wa robo milimita inawakilisha milimita 12 katika skeli ya 1/48, yaani mara nne karibu zaidi na ukweli kuliko plastiki ya milimita moja. Picha za NASA ziko wazi kwa umma bila malipo. Kwa hiyo anayetaka kuanza asikimbilie gundi. Afungue kwanza picha namba AS11-40-5903, ile maarufu ya Aldrin amesimama, amwache Aldrin na kutazama mguu wa chombo ulio pembeni kulia. Aandike anachokiona, kisha aandike saa anayokusudia kuijenga. Manila na kisu vitasubiri mpaka amalize.